Muulize Bi Mkubwa: Msibani nivae nini, niseme nini, nikae wapi?

Barua za misiba zimenijia nyingi mwezi huu, nikaona nizijibu pamoja. Wengi walioandika ni wageni wa visiwa vyetu, au watoto wetu wenyewe waliokulia nje wakarudi hawajui pa kukaa. Kwa msionijua, mimi ni mwalimu mstaafu wa Wete, Pemba, na mtaani kwetu nimo katika wanawake wanaoitwa kuosha maiti wa kike. Mambo ya ndani ya nyumba nayajua kwa mikono yangu. Ya makaburini nayajua kwa kuhadithiwa na kaka yangu mchimba kaburi, maana wanawake wa kwetu hatufiki huko wakati wa kuzika.

*

"Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi ni muuguzi, kwetu Mbeya, ni Mkristo, nafanya kazi Chake Chake. Mwaka jana mwenzangu wa zamu alifiwa na shangazi yake. Nikawa nasubiri niambiwe siku ya mazishi, kumbe walizika siku ile ile. Nikaona haya hata kumpa pole. Sasa mama yake ni mgonjwa sana na sitaki yajirudie. Nikifika pale nitakuta nini? Nivae nini? Na mimi si Mwislamu, nitaruhusiwa kuingia?" (Muuguzi mgeni, Chake Chake)

Marahaba mwanangu. Huyo mama Mungu amponye, tusimzike kabla ya siku yake. Lakini kujua mapema si uchuro.

Tuanze na saa, maana ndiyo iliyokuponyoka. Kwenu maiti anaweza kungoja siku kadhaa, ndugu wa Dar na wa Mwanza wafike, kamati ikae, michango ikusanywe. Kwetu aliyefariki alfajiri aghalabu anazikwa adhuhuri au alasiri. Aliyefariki jioni huenda akazikwa usiku huo huo, au kesho yake asubuhi. Hata wakubwa wa nchi mwendo ni huo. Maalim Seif Sharif Hamad alifariki Muhimbili, Dar es Salaam, tarehe 17 Februari 2021, na tarehe 18 alikuwa keshazikwa kwao Mtambwe, huku kwetu Pemba. Basi usikae kungoja kupangiwa siku. Habari itakujia kwa simu, au utaisikia kwenye kipaza sauti cha msikiti, au redioni: jina la marehemu, mtaa, saa ya kuzika, pahala pa kuzikia, kisha orodha ya jamaa mpaka unasahau aliyekufa nani. Ukishasikia, umeshaitwa. Harusini tunaalikana, msibani mtu anasikia akainuka. Muombe mkubwa wako wa zamu ruhusa ya saa mbili tatu, umwambie unakwenda msibani kwa nani.

Nguo. Buibui si lazima kwako. Vaa gauni refu lisilobana au dera, mikono ifunikwe, na mtandio kichwani. Kama huna mtandio mkubwa chukua doti ya kanga, moja ujifunge kiunoni, moja ujitande. Nyeusi si sharti, ila nyekundu ya kumeremeta na dhahabu za harusini ziache kwenye sanduku. Manukato usitie. Viatu vaa vya kuvuliwa kwa mguu mmoja bila kuinama, na uvitie alama, maana pale mlangoni ndara mia zote ni za buluu na kuna watu wakitoka hawana habari wamevaa za nani.

Ukifika utaona wanaume wako nje, barazani au chini ya turubali, kwenye majamvi na viti. Usijitie katikati yao. Wape salamu kwa mbali, ukipita utie heshima, nenda mlango wa uani au fuata wanawake wenzako wanapoingilia. Piga hodi. Suala la dini yako limenichekesha kidogo, mwanangu, kwani hapana mtu aliyewekwa mlangoni kuwauliza watu wanasali wapi. Tukifiwa wanatujia askari wa bara, walimu wa bara, mafundi wa Kihindi, na tunawapisha kwenye mkeka kama tunavyompisha mtu wa Mkoani.

Ndani utakuta mikeka na mabusati yametandikwa chumba kizima na wanawake wamekaa kwa safu. Waliofiwa khasa utawajua, wako pembeni ya ukuta, wamezungukwa. Nenda kwao kwanza. Inama, shika mkono kwa mikono yako miwili, sema "poleni kwa msiba, Mungu awape subira." Watakujibu "tushapoa" au "ahsante, yote ni ya Mungu." Basi. Usiongeze hotuba. Usiulize alikuwa anaumwa nini, alianza lini, daktari alisemaje, na wewe muuguzi khasa ujichunge na hilo. Wape mkono na wengine walio karibu, halafu tafuta nafasi ukae, miguu umeikunja upande, nyayo usimuelekezee mtu.

Hapo sasa kazi yako ni kukaa. Wageni wengi hili ndilo linalowashinda. Wanaona hawafanyi kitu, wanatazama saa, wanafungua simu. Mwanangu, kukaa kwenyewe ndiko kunakotakiwa. Mwenzako atainua macho akuone upo, na hilo atalikumbuka kuliko maneno yote utakayokuwa umeyatunga njiani.

Machozi yakija yaache. Mtume wetu alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Kisichopendwa ni ukelele, kujipiga, kujigaragaza, na maneno ya kumlaumu Mungu. Akitokea aliyezidiwa utasikia wenzake wanamwambia "mtaje Mungu, mtaje Mungu," huku wamemshika mabega. Kwenu huenda mlio mkubwa ni heshima kwa marehemu. Kwetu ukilia kwa sauti kubwa utasababisha wenyewe waliofiwa waanze kukubembeleza wewe, na hiyo ni kazi ya ziada umewapa.

Wakati huo chumba kimoja kitakuwa kimefungwa mlango au kimetiwa pazia. Ndimo tunamoosha. Tunaingia wachache, jamaa wa karibu na anayejua kazi, na maiti muda wote amestiriwa, hatumuachi wazi hata mbele yetu wenyewe. Zamani tulichimba shimo chumbani la kupokea maji na juu yake kitanda cha kamba. Siku hizi nyumba zina sakafu, tunaazima meza ya msikitini. Maji yanakwenda kwa idadi ya witiri, mara tatu au tano, ya kwanza na majani ya mkunazi au sabuni, ya mwisho yametiwa karafuu maiti kidogo. Ile harufu ikikufikia mkekani, ujue tumekaribia kumaliza. Kisha ni sanda, nguo nyeupe tupu isiyo na pindo wala kifungo: mwanamme vipande vitatu, mwanamke vitano. Wewe usijitolee kuingia, hata kama kwa kazi yako maiti si kitu kigeni. Lakini ukiombwa ndoo ya maji, ipeleke mpaka mlangoni.

Kabla uso haujafunikwa, watoto na jamaa wataitwa kumuaga. Ni wao. Watu hawapangwi mstari kama mlivyozoea bara, na asiyeitwa hasogei. Picha hapana. Nalisema hili kwa ukali maana siku hizi hata watu wa hapa hapa wamekosa adabu, mtu anainua simu jeneza likitoka, eti anawarushia jamaa wa Muscat. Jamaa wa Muscat wakitaka dua watasoma huko huko.

Jeneza nalo usilitarajie la mbao za kung'arishwa zenye misumari. La kwetu ni la msikiti, kama kitanda chenye mikono na kifuniko, limeshabeba babu zetu na litatubeba sisi. Linampeleka maiti mpaka kaburini halafu linarudi msikitini kwake, na maiti anazikwa na sanda yake tu. Likitoka mlangoni ndiyo saa nzito kupita zote. Wanaume wataitika La ilaha illa Llah, sauti zitaondoka nalo njiani, na sisi wanawake tunabaki na nyumba. Hapo ndipo mwenzako atakapokuhitaji. Kaa karibu naye.

Baada ya hapo ni Yasini na dua. Mahali watu watakapoinua mikono, wewe yako iache mapajani ukae kimya, hapana atakayekutazama vibaya. Ukipitishiwa kisanduku cha juzuu, yaani mafungu ya Kurani ya kusoma, mpe wa pili yako. Kisha nyanyuka uende uani, kwani huko kuna kazi isiyouliza dini: kukuna nazi, kuchagua mchele, kuosha masahani. Nyumba iliyofiwa haipiki siku hiyo, majirani ndio wanaopika. Hiyo ni sunna ya tangu Jaafar bin Abi Talib alipouawa vitani Muta, Mtume akaagiza watu wa nyumba yake watengenezewe chakula kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Muuguzi wa kutoka Mbeya akionekana amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi kwenye msiba wa mwenzake, Chake nzima itakujua kufikia magharibi.

Ukiitwa kula, kula. Wali na mchuzi wa samaki, au maharage ya nazi, sinia moja watu wanne watano, mkono wa kulia, ule upande ulio mbele yako. Kukataa ndiko kutakakoonekana.

Unaweza kuondoka wanaume wakisharudi kutoka makaburini. Rudi kesho yake hata kwa nusu saa ukitoka kazini. Tanga, yaani huko kukaa msibani, linakaliwa siku tatu, na siku ya tatu aghalabu husomwa hitma, kisomo cha Kurani cha kumuombea maiti. Ya mwaka jana nayo msiyaache yakaoza. Mwambie tu, "mwenzangu, shangazi yako sikuja kwa kutojua taratibu, pole." Pole haichachi.

*

"Assalamu alaykum Bi Mkubwa. Nimezaliwa Wete lakini nimekulia London tangu mdogo. Babu yangu ni mzee sana na baba ameniambia nijiandae, mimi ndiye mjukuu mkubwa wa kiume. Sijawahi kuzika. Naogopa nitakosea mbele ya watu wote." (Mjukuu, kwa sasa yuko Wete)

Waalaykumu salaam mjukuu wangu. Haya ni ya wanaume, basi nimemwita kaka yangu akae ukumbini anisomee, na mimi naandika.

Kanzu na kofia uwe nazo mapema. Kuazima kanzu siku ya msiba ni kutembea na mikono inayoishia viwikoni. Udhu utie nyumbani. Jeneza litapelekwa msikitini au uwanjani, na mara nyingi watu husali kwanza sala ya faradhi, ndipo ile ya maiti. Sala yenyewe ni fupi na yote ni ya kusimama, hapana rukuu wala kusujudu, basi usije ukainama peke yako. Takbira ni nne. Baada ya ya kwanza unasoma Fatiha kwa siri, ya pili unamsalia Mtume, ya tatu unamuombea maiti, ya nne dua fupi, kisha salamu. Dua ya Kiarabu kama hujaihifadhi, sema "Allahumma ghfir lahu, Allahumma rhamhu" ukariri. Kaka yangu anasema nusu ya safu ya nyuma haina zaidi ya hilo, ila usimtaje kuwa kasema.

Kubeba. Watu watalivamia jeneza kwa mapenzi, kila mmoja anataka thawabu yake. Utatia bega hatua kadhaa halafu mwengine anakusogeza, mpishe. Usiling'ang'anie kwa kuwa ni babu yako. Mwendo ni wa haraka kidogo, kwani maiti hacheleweshwi. Utaona wenye baiskeli wanashuka, waliokaa barazani wanasimama, na watu wasiomjua babu yako kabisa wanaingia wakabeba mpaka njia panda, wakarudi kwenye shughuli zao. Usiwatafute kuwashukuru.

Kaburi utalikuta limeshachimbwa na vijana wa mtaa. Kwetu Mecca iko kaskazini, ndiyo maana makaburi yetu yamelala mashariki kwa magharibi: maiti analazwa kwa ubavu wake wa kulia, uso unatazama kibla. Pembeni ya shimo, chini kabisa, huchimbwa mwanandani, na humo ndimo anamowekwa. Wewe ukiwa mjukuu mkubwa huenda ukaambiwa uingie kaburini kumpokea. Ndilo unaloliogopa, au sivyo? Wanaingia wawili watatu, na wenzako watakuwa wazoefu. Mmoja atakuambia shika hapa, shusha, geuza, fungua fundo la kichwani. Wewe fanya unaloambiwa. Juu wenzenu watakuwa wamekutandieni shuka ili watu wasitazame ndani. Mkishatoka, mwanandani unazibwa kwa mbao, na kila aliyepo anatia teko tatu za udongo kwa mikono. Kisha majembe. Vijana wanapokezana, nawe pokea jembe hata kama viganja vyako ni vya kompyuta.

Likishafukiwa, watu wanachutama, sheikh anakaa upande wa kichwani anasoma talakini, maneno ya kumkumbusha maiti imani yake, na dua. Ipo misikiti ambayo talakini haisomwi, na wapo jamaa watakaokuambia hitma na kisomo cha siku ya arubaini si katika sunna. Ndani ya ukoo wetu wapo wa huku na wa huku. Fuata alivyotaka marehemu na anavyosema baba yako, na mwenye hoja yake mwambie mtazungumza wiki nyengine. Nimeshasikia watu wamebishana juu ya kaburi udongo haujakauka, mpaka mtoto wa marehemu akawapita katikati akenda zake nyumbani. Aibu ile haijawatoka mpaka leo.

Mwisho wanaume wa familia mtasimama mstari na watu watapita kukupeni mkono. Mkono wa kulia, uso umeinua kidogo, "ahsanteni, Mungu akulipeni." Mikono itakuwa mingi na maneno mengine hutayasikia. Ni sawa.

*

"Bi Mkubwa, kwani ubani wa msibani siku hizi ni shilingi ngapi? Watu wanatupa vichwa maumivu." (Muuza duka, Konde)

Ni ulichonacho. Elfu mbili iliyokunjwa ndani ya kiganja ukimpa mkono mfiwa, imetosha. Elfu hamsini kwa anayeiweza, imetosha. Wewe una duka, basi kilo tano za mchele na mbili za sukari zilizofika saa nne asubuhi ni bora kuliko bahasha ya wiki ijayo. Asiye na kitu aje na mikono yake achote maji. Linaloniudhi mimi ni hili la hitma kugeuzwa karamu: biriani, soda, turubali la kukodi, sahani za kubeba nyumbani, na mjane anabaki na deni la mchele dukani kwako. Ukiweza, muuza duka, deni hilo likate nusu. Hapo utakuwa umetoa ubani.

*

"Jirani yetu wa miaka mingi ni Mkristo. Kafariki, na ibada itakuwa kanisani Mkunazini. Mke wangu anasema twende, mimi nasita. Tukienda tutafanywa nini?" (Jirani, Michenzani)

Hamtafanywa kitu, baba. Ukiwa na wasiwasi wa kidini, kuhusu kuingia kanisani, muulize sheikh unayemuamini. Hilo halijibiwi na mwalimu mstaafu wa hesabu. Kama jibu litakuelemea, kuna njia nyengine nitaitaja. Mimi nilikwenda Mkunazini alipofariki mwenzangu niliyesoma naye ualimu, nikakaa kiti cha nyuma na buibui langu, na hakuna aliyenigusa.

Kanisa lile mnalijua kwa nje, lile lililojengwa penye soko la watumwa baada ya soko kufungwa mwaka 1873. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi na ambaye alifariki mwaka 1882, kazikwa humo humo ndani, nyuma ya madhabahu. Sisi tuliozoea maiti wote kulala chini ya miti jambo hili linatushangaza kidogo.

Ibada yao ina utaratibu, na kwa kawaida hugawiwa karatasi au kitabu. Jeneza limewekwa mbele, limefungwa, juu yake maua au msalaba. Watu wakisimama, simameni, wakikaa, kaeni. Wakipiga magoti, nyinyi kaeni tu mlivyo. Nyimbo wataimba na hamlazimiki kuimba. Kutakuwa na somo kutoka Biblia na mahubiri, na ndugu mmoja atasoma wasifu wa marehemu: kazaliwa wapi, kasoma wapi, kaacha watoto wangapi. Hapo sikilizeni, kwani mtayajua ya jirani yenu ambayo hamkuyajua kwa miaka yote ya kuazimana chumvi. Kikapu cha sadaka kikipita mnaweza kutia, mnaweza kukipitisha. Ikiwa kuna komunyo, wanaokwenda mbele ni wenyewe, nyinyi msinyanyuke. Wakifungua jeneza ili watu wapite kuaga, kupita ni hiari.

Makaburini kwao wanawake wanakwenda, basi mkeo asishangae akiambiwa panda gari. Jeneza lote linashushwa na mtu wake ndani. Mshereheshaji ataita watu kwa makundi kuweka mashada ya maua: watoto, wafanyakazi wenzake, kisha "majirani." Mkiitwa, mmoja wenu aende. Atapewa shada mkononi, aliweke, arudi. Wanafurahi sana majirani wakienda, nimeliona kwa macho yangu kwenye nyuso zao.

Na ile njia nyengine niliyosema ni hii: asiyeweza kuingia kanisani aende nyumbani kwao, kabla au baada, akae na watoto wa marehemu. Mkeo apike kitu apeleke. Nguo ni hizo hizo zenu za stara. Kofia yako wewe, kwa adabu yao mwanamme huvua kanisani. Kama ya kiua inakuwia vigumu kuivua, kaa nyuma, hapana atakayekufuata.

*

"Nilikuwa Mombasa kwa biashara, rafiki yangu akafariki Micheweni. Nimerudi mwezi na kitu umeshapita. Naona haya kwenda sasa. Au nisali tu huku huku?" (Rafiki aliyechelewa)

Vyote viwili. Kusali unaweza, ipo sala ya ghaibu kwa maiti aliye mbali, nasi Pemba tunaijua vizuri. Ilipozama meli ya Spice Islander usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kuja huku, zipo nyumba ambazo watu wao hawakuonekana mpaka leo, na walikaa tanga bila ya jeneza kutoka mlangoni. Wale ukiwapa pole leo bado wanaipokea. Sembuse wewe wa mwezi na kitu.

Nenda nyumbani kwake. Mke wa rafiki yako bado yumo kwenye eda, miezi minne na siku kumi, isipokuwa kama ana mimba, hapo eda yake inakwisha akijifungua. Katika muda huo hajipambi, hatii manukato, na hatoki ovyo. Kwa hiyo usitake kumuona. Kaa barazani na kaka yake au mtoto mkubwa, piga hodi ya kujulisha kuwa umekuja, na salamu zako zitafikishwa, au atakujibu mwenyewe nyuma ya pazia. Sema jina lako kamili na ya wapi ulijuana na mumewe. Kama rafiki yako alikudai, au wewe ulimdai, litaje siku hiyo hiyo mbele ya kaka mtu, maana deni la maiti linatazamwa kabla ya urithi kugawiwa. Deni ulilokuwa unamdai ukiweza kulisamehe, sema wazi kuwa umesamehe, wasikie wote wawili, aliye barazani na aliye ndani.

Ukitoka hapo waulize watoto wakupeleke kaburini. Asubuhi ni bora, jua la Micheweni likishapanda hapakaliki.